PhD za uhandisi: tunafundishwa kila kitu isipokuwa kusema tulichokipata (uzi mrefu, kaa mkao wa kusoma)

Fundi Grafu (mleta uzi)

Wakuu salama? Huu uzi nimeukalia muda mrefu, leo nimeona niumwage tu maana kila wiki kuna mtu ananifuata inbox na kitu kilekile, "kaka pepa yangu imekataliwa mara ya tatu nifanyeje", namwambia nitumie nione, naifungua, mtambo wa maana, mahesabu yamenyooka, simulesheni imekula wiki tatu kwenye kompyuta ya maabara, halafu nasoma kurasa nne nzima sijui huyu mtu amegundua nini.

Na sisemi kama mtu aliyezaliwa anajua. Mwaka wa pili wa PhD yangu nilisimama mbele ya jopo, nimevaa vizuri, slaidi 46. Mzee mmoja ambaye hata fani yetu sio yake akaniuliza, "kijana, kwa sentensi moja, umepata nini ambacho jana hatukukijua?" Nikajibu "ahsante kwa swali zuri, kwanza kabisa mfumo wetu una pampu mbili..." Dakika kumi na moja baadaye nilikuwa bado kwenye pampu, supavaiza wangu anaangalia dari. Nikarudishwa miezi sita. Lakini kilichoniuma zaidi sio kurudishwa, ni kwamba usiku ule nilikaa kuiandika hiyo sentensi moja, nikafuta, nikaandika, nikafuta, mpaka nikakubali kwamba sina. Mdomo haukuwa na kosa lolote. Nilikuwa nimepima vitu vingi sana bila kuuliza swali.

Ndio maana nikisikia watu wanaita haya mambo "stadi laini" nakereka. Mtu anaona utafiti ni kazi, kuandika ni rangi ya kupaka baada ya kazi kuisha. Kwa uzoefu wangu kuandika ndio kipimo cha kwanza cha kazi yenyewe, ukiona aya haikai ujue mara nyingi jaribio ndio halikai.

Sasa vyuo vinafanyaje? Wengi mnajua. Semina ya siku mbili, mwezi wowote ule, ukumbi mmoja wamerundikwa watu wa umeme, wa majengo, wa kemikali na wa kompyuta, anakuja mtu na slaidi zaidi ya 90 zinazosema "slaidi zako zisiwe nyingi", picha ya pamoja, cheti, kwaheri. Mwaka wa kwanza unafundishwa namna ya kujibu wahakiki wakati hata data huna, mwaka wa nne unazama kwenye maoni ya wahakiki na hakuna anayekumbuka ile semina. Uingereza walishaliona hili zamani, ripoti ya Sir Gareth Roberts ya 2002 ilipendekeza kila mwanafunzi wa PhD wa sayansi na uhandisi apate angalau wiki mbili kila mwaka za mafunzo ya namna hii, na hela zikatolewa. Wazo zuri, kila mwaka na sio mara moja. Ila wiki mbili unaweza kuzijaza na upuuzi pia, kwa hiyo shida sio siku ngapi, shida ni je ulikuja na kazi yako mwenyewe mkononi au ulikuja kusikiliza.

Kwa wanaosema "sisi mainjinia, namba zinajisemea", nawaomba mkasome habari ya Columbia, chombo cha anga cha NASA. Chombo kiliruka Januari 2003, kipande cha povu gumu la kukinga joto kikachomoka kwenye tangi la mafuta kikapiga bawa la kushoto. Chombo kiko juu bado, mainjinia wakachambua na kuwapelekea mameneja slaidi. Kichwa cha slaidi moja kilikuwa kinatuliza, kwamba data za majaribio zinaonyesha makadirio yao yako upande salama. Ukishuka chini kabisa, kwenye vidoti vya ndani ya vidoti, ndio unakuta kwamba povu lililopiga lilikadiriwa inchi za ujazo 1,920 wakati majaribio waliyotegemea yalitumia kipande cha inchi za ujazo 3. Mara 640! Hiyo ndio ilikuwa habari, imefichwa uvunguni. Tarehe 1 Februari chombo kikavunjika kikirudi, watu 7 wakafa. Ripoti ya bodi ya uchunguzi ilitenga sehemu kabisa kuichambua slaidi hiyo moja. Namba haikukosewa wakuu, ilikuwepo. Ila iliwekwa mahali ambapo msomaji aliyechoka haifikii.

Mimi kwenye kikundi chetu tulianza hivi, hatukuomba ruhusa wala bajeti. Watu watano, kila wiki saa moja, mmoja analeta ukurasa mmoja tu wa kitu anachoandika wakati huo. Ukurasa mmoja, sio sura nzima. Mwenye kazi haruhusiwi kuongea dakika kumi na tano za mwanzo, wengine wanasoma kwa sauti na kusema walichoelewa. Aisee hakuna kitu kinauma kama kumsikiliza mtu mwenye akili timamu anaieleza kazi yako kinyume na ulivyomaanisha, unataka kuruka useme "hapana hapana", na huwezi. Baada ya miezi miwili nilijifunza kuliko semina zote nilizokaa.

Kitu kingine, grafu kwanza. Kabla sijaandika neno naweka grafu nne tano mezani na chini ya kila moja naandika sentensi kamili yenye kitenzi. Sio "Uhusiano kati ya joto na mnyumbuko", hiyo sio sentensi hiyo ni lebo ya kopo. Andika "Juu ya nyuzi 80 kipande kinaacha kurudi umbo lake". Michael Alley wa chuo kikuu cha Penn State, Marekani, amefundisha slaidi za namna hii miaka mingi, juu kauli kamili, chini ushahidi wa picha, vidoti hakuna. Ukiona grafu yako huwezi kuiandikia kauli, grafu hiyo inaenda kiambatisho au kapuni.

Nimeandika mengi, karibuni mnipinge.

Saketi Fupi

Ngoja nikae siti ya mbele.

Nati Legevu

Mkuu nakubaliana na mengi ila hapo kwa mifano ya anga naona umebeba upande mmoja. Chukua Challenger, chombo kingine cha NASA, kile kilichovunjika angani muda mfupi baada ya kurushwa Januari 1986. Roger Boisjoly, mhandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi zake, aliandika memo Julai 1985, nusu mwaka kabla, akasema wazi kabisa kwamba zile pete za kuziba maungio ya roketi zisiposhughulikiwa watu watakufa. Hakuna vidoti pale, hakuna slaidi ya kufichaficha, kilikuwa Kiingereza kinachoeleweka na mtu yeyote. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986 mainjinia wakasema msirushe chini ya nyuzi 53 za Fahrenheit, ambayo ni kama 12 za kwetu, wakapinduliwa na mameneja. Sasa hao ulitaka waende semina gani? Saa nyingine shida sio msemaji, ni aliyekaa kwenye kiti. Tusimbebeshe mwanafunzi mzigo wote, kuna supavaiza anakaa na sura yako miezi mitano halafu anakurudishia ina alama mbili za mkato.

Fundi Grafu

Nati Legevu umenipiga pazuri na sibishi, mameneja waliwapindua. Lakini usiku uleule kuna jambo la kitafiti kabisa: mjadala wa joto ulizungukia safari zilizoonyesha pete zimeathirika, safari ambazo pete zilirudi salama hazikupangwa nazo kwenye grafu moja dhidi ya joto. Tume iliyochunguza ililisema hilo. Ukiziweka zote pamoja unaona karibu zote zilizorudi salama zilikuwa siku za joto, ukiziweka zilizoumia peke yake unaona vurugu tu. Mtu anayekubishia ukimpa vurugu umempa silaha. Sisemi wangewasikiliza, hajui mtu. Nasema hiyo grafu ndiyo tunayotakiwa kufundishwa kuichora, ile inayoweka na data zisizo na tukio.

La supavaiza nakuachia, nina makovu.

Mama Tasnifu

Vijana wangu, mimi nipo upande wa pili wa meza, nasimamia wanafunzi. Nitasema la kwetu kwanza: wengi wetu hatukufundishwa kufundisha kuandika. Tuliandika, tukapigwa, tukazoea, basi tunadhani na wewe utapigwa utazoea. Mtu akileta rasimu mbaya najua ni mbaya ila kumwambia kwa nini ni mbaya inanichukua saa tatu, kuiandika upya mwenyewe inanichukua moja. Mnajua wengi tunachagua nini. Halafu mwanafunzi anapata pepa lakini hajifunzi kitu, na anadhani ndivyo alivyoandika yeye.

Kilichonisaidia ni kupata majina ya vitu. Kwa mfano utangulizi wa pepa, John Swales, mtaalamu wa uandishi wa kitaaluma, mwaka 1990 alionyesha una hatua tatu, unaonyesha uwanja una maana, unaonyesha kwenye huo uwanja kuna pengo, unaingia kwenye pengo. Basi. Siku hizi simwambii mwanafunzi "utangulizi wako haueleweki", namwambia "umekaa hatua ya kwanza kurasa mbili, pengo liko wapi?" Anajua pa kwenda. Na wengi wa uhandisi pengo lao ni "hakuna aliyewahi kufanya hivi kwa aloi hii". Mwanangu, pengine hakuna aliyefanya kwa sababu hakuna anayehitaji. Pengo ni swali ambalo jibu lake litabadilisha namna mtu anavyosanifu kitu.

Na msome. Nashangaa mwanafunzi ana pepa 300 ndani ya Zotero, ile programu ya kutunzia marejeo, amezipanga kwa rangi, ukimuuliza tatu hizi zinagombania nini anakukodolea macho. S. Keshav, mtaalamu wa kompyuta, aliandika mwaka 2007 njia ya kusoma pepa kwa mapito matatu, la kwanza dakika tano mpaka kumi unasoma kichwa, ikisiri (ule muhtasari wa mwanzo), utangulizi, vichwa vya sehemu na hitimisho tu, halafu unaamua kama inastahili la pili. La tatu ni lile la kuijenga upya pepa kichwani kama wewe ndio mwandishi, linakula saa nne tano kwa anayeanza. Sio kila pepa ipate la tatu! Kumi tu kwa mwaka wa kwanza, lakini kumi za kweli.

Saketi Fupi

Mama Tasnifu hapo kwenye rangi za Zotero umenisema mimi na nimenyamaza.

Mhakiki wa Pili

Jina langu ni utani, maana mhakiki wa pili ndiye anayelaumiwa kwa ukali siku zote, ila kazi ni ya kweli, nahakiki pepa za majarida mawili. Niwaambie tunavyosoma, maana hakuna anayewaambia. Naanza ikisiri, naruka kwenye grafu, naruka kwenye hitimisho. Kama vitatu hivyo havisemi kitu kimoja nimeshakasirika kabla sijafika mbinu. Ikisiri inasema "matokeo yanaonyesha uboreshaji mkubwa". Mkubwa kiasi gani? Kuliko nini? Weka namba, weka ulichojilinganisha nacho, na ulinganishe na njia bora iliyopo, sio ile dhaifu ya zamani uliyoichagua kwa sababu unajua utaishinda, tunaiona hiyo.

Vitu vidogo vinavyonichefua: mhimili wa Y unaoanzia 94 ili tofauti ya asilimia moja ionekane ghorofa. Pointi moja moja bila mistari ya makosa (ile inayoonyesha kipimo kinayumba kiasi gani), hujasema ulirudia jaribio mara ngapi. Rangi za upinde wa mvua kwenye ramani za joto, zile zinatengeneza kingo ambazo kwenye data hazipo na asiyeona rangi vizuri anapotea kabisa, programu ya kuchorea grafu ya MATLAB waliziacha kama chaguo la kawaida 2014 na wenzao wa Matplotlib 2017 wakaweka viridis, mpangilio wa rangi unaopanda taratibu, lakini watu bado wanazirudisha kwa mkono eti zinapendeza. Maandishi ya grafu madogo mpaka nikuze mara tatu. Na tarakimu saba baada ya nukta kutoka kwenye sensa inayoyumba kwenye tarakimu ya pili, hapo unaniambia huielewi sensa yako.

Ukipata maoni yetu usijibu siku hiyohiyo. Lala. Kisha nakili kila maoni, chini yake jibu, chini ya jibu sema umebadilisha wapi ukurasa gani. Nikikosea, niambie nimekosea kwa heshima na ushahidi, nishawahi kukubali. Ila jua kwamba nikikosea kuelewa, mara nyingi uliandika ili nikosee.

Nati Legevu

Hahaha mhakiki wa pili mwenyewe kajileta. Mkuu ile pepa yangu ya mwaka juzi sio wewe kweli?

Mhakiki wa Pili

Siwezi kuthibitisha wala kukanusha.

Saketi Fupi

Swali kwa mnaojua, haya mashindano ya kueleza tasnifu kwa dakika 3 yanasaidia kweli au ni maonyesho? Kwetu wanatulazimisha, na mimi sio mtu wa jukwaa, lugha yenyewe ya kuandikia nimejifunzia ukubwani.

Fundi Grafu

Yalianza Chuo Kikuu cha Queensland 2008, slaidi moja tu isiyosogea, hakuna video hakuna vifaa, dakika 3 zikipita umetoka. Mimi niliyaona kama sarakasi mpaka nikajaribu. Kushinda hakuna maana sana, ila kuiandaa ile hotuba kunakulazimisha uchague, na kuchagua ndio kazi. Utaona ile miezi minane uliyosumbuka na kifaa cha kupimia haipati hata sekunde kumi, inauma kwelikweli, lakini msikilizaji hakuombi hesabu ya jasho lako.

Kuhusu lugha, usiwe na wasiwasi sana, sentensi fupi inamuokoa mgeni na mwenyeji wote. Walio na shida kubwa ni wale wenye lugha nzuri isiyobeba kitu, hao wanapita miaka bila kushtukiwa.

Beringi Chakavu

Wakuu mimi ni msomaji wa kimyakimya, mwaka wa tatu, mitambo. Nimeona niweke sentensi yangu hapa mnichane, pepa inatakiwa iende wiki ijayo. "Utafiti huu unawasilisha mfumo bunifu unaotumia akili mnemba katika kutambua hitilafu za beringi kwa usahihi wa hali ya juu."

Mama Tasnifu

Karibu mwanangu. Toa "bunifu", hilo aseme msomaji. Toa "unawasilisha mfumo". Sasa niambie kama unamwambia fundi anayezunguka kiwandani na bisibisi: umepata nini?

Beringi Chakavu

Sawa mama. "Kwa kusikiliza mtetemo kwa sensa moja tu, programu inatofautisha beringi nzima na yenye ufa kwa usahihi wa asilimia 98.7."

Fundi Grafu

Hiyo sasa nimeielewa, sensa moja ndio habari. Weka hapo mbele, "sensa moja badala ya tatu zilizozoeleka" kama ni kweli. Beringi ngapi?

Beringi Chakavu

Sampuli 4,800.

Mhakiki wa Pili

Hujaulizwa sampuli, umeulizwa beringi.

Beringi Chakavu

Beringi sita. Tatu nzima, tatu zenye ufa. Kila moja tulirekodi mtetemo kwa muda mrefu tukaukata vipande vipande, ndio 4,800.

Mhakiki wa Pili

Halafu vipande vya kufundishia na vya kupimia mlivigawaje?

Beringi Chakavu

Tulivichanganya vyote, programu ikagawa kwa bahati nasibu, asilimia 80 kwa 20 kama kawaida.

Nati Legevu

Aah. Aah ndugu yangu.

Mama Tasnifu

Subirini asiumie bure. Mwanangu, fikiria hivi: vipande vya beringi ileile vimekaa pande zote mbili. Programu inaweza kuwa imejifunza sauti ya kila beringi kama unavyojua sauti ya mtu kwenye simu, sio sauti ya ufa. Ukiipa beringi ya saba ambayo haijawahi kuisikia itafanya nini? Gawa kwa beringi, fundisha kwa nne, pima kwa mbili ambazo haijaziona kabisa, moja nzima moja mbovu, kisha zungusha mpaka kila moja ipimwe. Ukishapata hiyo namba ndio tuiandike sentensi.

Beringi Chakavu

Nimeshika kichwa. Supavaiza kaipitia, wenzangu wameipitia, na nimeipresenti mara tatu. Nimeelewa. Naenda maabara, narudi.

Saketi Fupi

Nasubiri hapa.

Beringi Chakavu

Nimerudi wakuu, siku mbili sijalala vizuri. Ni asilimia 71. Na nikiangalia moja moja, zile mbili zenye ufa kwenye pete ya nje inazipata vizuri, ya tatu yenye ufa pete ya ndani inaiona nzima karibu kila mara. Pepa haiendi wiki ijayo. Nimejaribu sentensi mpya: "Sensa moja inatosha kutambua ufa wa pete ya nje kwenye beringi ambayo programu haijawahi kuisikia, lakini ufa wa pete ya ndani inaukosa."

Mhakiki wa Pili

Hiyo ningeendelea kuisoma. Ila kwa beringi mbili za nje na moja ya ndani usiseme "inatosha" bado. Unaweza kupata nyingine ngapi?

Beringi Chakavu

Stoo kuna kreti ya zilizokataliwa, naambiwa zipo kama arobaini. Kesho naomba ufunguo.